Orkestra bila kuta: Jumamosi ya Julai mjini Chicago

Orkestra haipendi uwanja wa wazi. Ukumbini, fidla zinapopigwa kwa upole, sauti yake huenda ikagonga kuta na dari, ikamrudia msikilizaji kutoka kila upande, na mchanganyiko huo wa sauti iliyotoka moja kwa moja jukwaani na ile iliyozunguka ndio unaoupa muziki huu unene na utamu wake. Uwanjani hakuna cha kuirudisha. Ngoma na tarumbeta hujitetea zenyewe, lakini filimbi moja inayopigwa polepole mbele ya maelfu ya watu walioketi kwenye nyasi, huku upepo ukivuma kutoka Ziwa Michigan na magari ya wagonjwa yakipita na ving'ora vyao, haikutarajiwa kufika mbali. Ndiyo maana majira ya joto yakiingia hapa Chicago na Tamasha la Muziki la Grant Park likaanza, kinachonivuta kwanza ni filimbi hiyo.

Safari hii nilikwenda na shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Unguja. Shangazi ni mtu wa taarab tangu ujana wake, na aliyezoea kukaa Ngome Kongwe kusikiliza vikundi kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club hahitaji kuelezwa fidla ni nini, wala selo, wala besi lile kubwa linalopigwa kwa kusimama. Kilichomshangaza kilikuwa saa. Maonyesho ya Jumamosi huanza saa moja na nusu usiku, na nilipomwambia hivyo alijiandaa kwa giza: akachukua shali, akauliza kama tubebe tochi. Tulipofika jua lilikuwa bado linawaka kwenye vioo vya maghorofa ya Barabara ya Michigan, kwa sababu katikati ya Julai hapa huzama karibu saa mbili na nusu usiku. Kwa mtu wa Zanzibar, ambako tofauti ya machweo mwaka mzima haifiki hata saa moja, hilo si jambo la kulizoea kwa wiki mbili.

"Jua la huku halina adabu, mwanangu," alisema akiwa amejikinga macho kwa kiganja. "Saa hizi lilitakiwa liwe limeshalala."

Jukwaa linaitwa Jay Pritzker Pavilion na lilibuniwa na msanifu majengo Frank Gehry. Lilifunguliwa Julai 2004 pamoja na bustani nzima ya Millennium Park, iliyo sehemu ya Grant Park, na ambayo ukikanyaga nyasi zake hutajua kwamba chini yako kuna njia za reli na maegesho ya magari. Juu ya jukwaa mabamba ya chuma kisichoshika kutu yamepinda na kujikunja kila upande, hadi kimo cha mita 36 hivi. Wageni huyapiga picha hayo. Mimi huwaambia watazame kitu kingine, yaani mabomba ya chuma yanayoanzia pembeni mwa jukwaa, yakatanda juu ya nyasi na kupishana kama wavu wa mvuvi ulioanikwa, kwa urefu wa mita 180 na upana wa mita 90. Watu wengi huyadhani pambo. Kazi yake ni kubeba spika, ili pasiwe na nguzo hata moja inayosimama kati ya aliyeketi nyuma na wanamuziki walio mbele.

Namna spika hizo zinavyofanya kazi inafaa kuelezwa taratibu, kwa maana bila hizo jioni yote isingekuwapo. Sauti husafiri hewani kwa kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Aliyeketi mita 100 kutoka jukwaani hulipata pigo la ngoma karibu theluthi moja ya sekunde baada ya fimbo kugusa ngozi, ilhali umeme ndani ya waya hauchelewi, kwa hiyo spika iliyo juu ya kichwa chake ingemletea pigo hilo hilo mapema, kisha lile la kweli likafuata, na wimbo wote ungesikika mara mbili mbili. Mafundi huichelewesha kwa makusudi sauti ya kila safu ya spika, ya mbali zaidi ikacheleweshwa zaidi, mpaka inapotoka ilingane na ile inayofika yenyewe kutoka jukwaani, na sikio likakubali kwamba kila kitu kinatoka mbele. Zipo na spika nyingine ambazo kazi yake ni kuigiza ule mwangwi wa kuta na dari ambazo hazipo. Ukumbi upo, ila umejengwa kwa waya.

Shangazi sikumweleza hayo mapema. Nilimwonyesha tu spika zilizo juu yetu, kisha nikamwomba afumbe macho wanamuziki walipokuwa wanalinganisha nyuzi zao. Akakaa kimya kidogo, akageuza kichwa kulia na kushoto kama ilivyo kawaida ya mtu anayetafuta inzi, kisha akanyoosha kidole jukwaani. "Inatoka kule," alisema, na hakutaka kuamini vinginevyo.

Kuna jambo la sheria hapa ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka. Ramani ya mwaka 1836 iliandikwa kwamba kipande hiki cha ufuko kibaki wazi daima, kisijengwe wala kuzibwa na kitu. Baadaye mfanyabiashara mmoja tajiri, Montgomery Ward, aliyekuwa akiuza bidhaa kwa katalogi na ofisi yake ikitazama ziwa, alilishitaki jiji tena na tena kuanzia mwaka 1890, na Mahakama Kuu ya jimbo la Illinois ikampa haki. Tangu hapo kujenga kitu kirefu ndani ya Grant Park kumekuwa kazi ngumu. Ukumbi wa Harris, ulio nyuma ya jukwaa, ilibidi sehemu kubwa yake izikwe ardhini. Jukwaa la Gehry, pamoja na chuma chake chote kinachometameta juu ya miti, lilipita kwa hoja kwamba si jengo bali ni kazi ya sanaa. Wanasheria wana ujanja mwingi usiopendeza. Huu mimi naupenda.

Tulitandika mkeka karibu na katikati ya nyasi. Nyasi hizi huchukua watu 7,000, na mbele yake kuna viti 4,000 vya kudumu, ambavyo vile vya mbele kabisa huwekewa wanachama waliolipia msimu, na vilivyobaki ni vya yeyote anayewahi. Kiingilio hakuna. Jirani zetu wa kulia walikuwa na meza ndogo yenye kitambaa, jibini na chupa za mvinyo, na wa kushoto walikuwa na mtoto aliyejifunza kutembea juzi juzi na ambaye aliamua kuwa sambusa zetu ni zake. Shangazi alimkatia kipande, akampulizia, akampa, baada ya kumwomba ruhusa mama yake kwa ishara ya mkono.

Kipindi cha kwanza kilikuwa Simfoni ya Kwanza, yaani utunzi mrefu wa orkestra wenye sehemu kadhaa, ya Florence Price, na hapo mimi hukaa wima. Mwanamke huyu Mmarekani mweusi alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, akahamia Chicago mwaka 1927, na tarehe 15 Juni 1933 simfoni yake hii ilipigwa na Chicago Symphony Orchestra chini ya kiongozi wake Frederick Stock katika ukumbi wa Auditorium, ambao kutoka pale tulipoketi ungeweza kuufikia kwa miguu kabla chai haijapoa. Hapakuwa na mwanamke mweusi kabla yake ambaye simfoni yake ilipigwa na orkestra kubwa ya Marekani. Kisha akasahauliwa. Alifariki mwaka 1953, na mwaka 2009 rundo la karatasi zake za muziki likakutwa ndani ya nyumba iliyotelekezwa katika mji mdogo wa St. Anne, kusini mwa Chicago, paa likiwa limeshaanza kuachia mvua. Tukikaa leo kwenye nyasi tukamsikia, tunapaswa kukumbuka kwamba nyingine katika kazi zake zilibakiza misimu michache tu ya mvua zipotee.

Sehemu ya pili ya simfoni hii ni ya polepole, na humo ala za shaba huimba kwa pamoja wimbo unaofanana na tenzi za kanisani, ngoma ikizisindikiza kwa mbali. Hapo hapo king'ora kikaja. Upande wa mashariki wa bustani Gehry alichora pia daraja la waenda kwa miguu, ambalo pamoja na kuwavusha watu lina kazi ya kuzuia kelele za magari ya Columbus Drive. Upande wa magharibi, kwenye Barabara ya Michigan, hakuna kizuizi cha namna hiyo, na king'ora kikaingia kwa ukali wake wote, kikapanda, kikapita, kikateremka. Kiongozi wa orkestra hakugeuka. Wapiga tromboni hawakupepesa. Kilichonivutia ni watu: maelfu waliokuwa wakitafuna na kunong'ona waliacha kila kitu wakasogeza vichwa mbele, kana kwamba wote kwa pamoja wameamua kuushika ule wimbo usichukuliwe. Ukumbini ambako kila kitu kimefungwa sijawahi kuona watu wakisikiliza kwa bidii hiyo.

Sehemu ya tatu inaitwa Juba, jina la ngoma iliyochezwa na watumwa mashambani kusini mwa Marekani. Walipokatazwa ngoma za ngozi waliufanya mwili kuwa ngoma, wakapiga mapaja, vifua na ardhi kwa miguu. Price aliuhamisha mchezo huo kwenye fidla, ambazo hapa hurukaruka kwa midundo inayoipotosha hatua kwa makusudi. Shangazi alikuwa ameshika kifuniko cha chupa ya chai. Kwanza alikigonga kwa ukucha wa kidole cha shahada, kimoyomoyo, pale ambapo kiongozi anashusha fimbo yake. Haikupita muda ukucha ukahama, ukawa unagonga katikati ya mapigo, pale pale ambapo muziki wenyewe ulikuwa unajificha, na hakukosea mpaka mwisho. Sehemu ilipokwisha watu wakapiga makofi, jambo ambalo ukumbini hutazamwa kwa jicho baya kwa kuwa simfoni haijamalizika. Mimi nilipiga nao kwa nguvu. Ngoma imechezwa, makofi yangoje nini?

Mapumziko yaliangukia machweo. Shangazi alichukua udhu kwa maji ya chupa, akatandika khanga pembezoni mwa nyasi chini ya miti, akaelekea kaskazini mashariki, upande wa ziwani, akaswali Magharibi huku mpiga obo mmoja, ala ya mbao ya kupuliza, akiwa amebaki jukwaani anarudia rudia kifungu kimoja kigumu. Baadaye tulitembea hadi mbele kabisa kuangalia jukwaa kwa karibu. Kwenye vishikio vya karatasi za muziki, kila kimoja, kulikuwa na vibanio vya nguo vya mbao, viwili viwili, kwa ajili ya upepo. Shangazi alivitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoyatazama mabamba ya Gehry.

"Hawa nani anawalipa?" aliuliza. Lilikuwa swali la mtu wa taarab. Kwao msikilizaji akiguswa na ubeti huinuka, akaenda mbele kwa madaha na noti mkononi, akamtunza mwimbaji mbele ya watu wote. Hapa jioni nzima hakuna aliyeinuka, na yeye alikuwa ameshatia dola zake kwenye pochi tayari.

Jibu lake ni refu, nikampa kwa mkato. Katika miaka ya 1920 wanamuziki wengi wa Chicago waliishi kwa kupiga muziki kwenye majumba ya sinema, kwa sababu filamu zilikuwa bubu. Filamu zikaanza kusema, wakafukuzwa kazi. Kisha ukaja ule mdororo mkubwa wa uchumi, na waliobaki nao wakakosa wa kuwaajiri. Aliyekuwa kiongozi wa chama cha wanamuziki wa jiji, James Petrillo, akashinikiza kwamba wapewe kazi ya kuwapigia wananchi bure bustanini, na mwaka 1935 maonyesho ya Grant Park yakaanza. Mwaka 1944 tamasha likapata orkestra yake lenyewe, nayo ndiyo hii hii. Petrillo huyo alikuwa adui mkubwa wa muziki wa mashine: mwaka 1942, akiwa kiongozi wa wanamuziki wa Marekani nzima, aliwakataza kurekodi mpaka makampuni ya santuri yakubali kuwalipa, na mgomo ukaendelea hadi mwaka 1944. Nikitazama wavu wa spika juu ya nyasi huwa najiuliza angesema nini. Nadhani angeanza kwa kuhesabu wanamuziki jukwaani, na akiona wametimia angenyamaza. Siku hizi mzigo hubebwa na idara ya bustani ya jiji, jiji lenyewe, na wafadhili.

"Yaani mlipaji ni mimi," nikamalizia. "Kwa kodi yangu."

"Kumbe umeshalipa," alisema Shangazi. "Mbona basi tumekaa nyuma?"

Hapakuwa na la kujibu, kwa hiyo kipindi cha pili tulikisikilizia kwenye viti, katika safu ambazo wengine walikuwa wameshaondoka na watoto wao. Kwa miaka mingi nimekuwa mtetezi wa nyasi, na bado nazitetea kwa mtu anayekuja na chakula, mtoto, au mgongo unaotaka kulala. Lakini viti vina jambo ambalo spika haziwezi kulibeba: macho. Ukiwa mbele unaona nyuta za fidla zote zikipanda na kushuka kwa pamoja, unaona mpiga timpani akiinamisha sikio hadi karibu kuugusa uso wa ngoma, akiikaza kwa siri huku wenzake wanaendelea kupiga, na ndipo unapojua ni ala ipi imeshika wimbo hata kabla haijatoa sauti.

Kipindi hicho kilikuwa Simfoni ya Nane ya Antonín Dvořák. Aliitunga mwaka 1889 katika nyumba yake ya shamba huko Vysoká, Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, na yeye mwenyewe aliiongoza hapa Chicago tarehe 12 Agosti 1893, siku ya Wabohemia katika yale maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Jackson Park, kilomita kadhaa kusini mwa tulipokuwa. Kwa hiyo nyimbo zote mbili za jioni hiyo zilikuwa zimeshapita katika mji huu zamani, na sidhani aliyezipanga pamoja alifanya kwa bahati.

Inaanza na selo. Wimbo wao ni wa huzuni, wa chini, unaotembea kwa kujikokota, na giza lilikuwa sasa limeingia kweli na taa za jukwaa zimeshika rangi ya kahawia. Kisha kila kitu kinapungua, na filimbi moja inajitokeza peke yake ikiiga sauti ya ndege. Ndiyo niliyokuwa nikiingoja. Kutoka kwenye viti niliona mpigaji akivuta pumzi, nikaona mabega yake yakitulia, na sauti ikaja safi, nyembamba, bila kukwaruza popote. Nikageuka nyuma kutazama nyasi. Hadi mwisho kabisa, kule ambako sura za watu hazionekani, watu walikuwa wametulia, kwa hiyo nao walikuwa wameipata.

Sitasimulia simfoni yote. Sehemu ya pili ni ndefu kuliko subira ya watoto, na ya tatu ni dansi ya kuzunguka ambayo jirani zetu wawili wazee waliinuka kuicheza pembeni mwa njia, taratibu, wakishikana kwa ncha za vidole. Sehemu ya nne hufunguliwa na tarumbeta peke yake, kisha selo huchukua wimbo mmoja mtulivu ambao baadaye unavishwa nguo mbalimbali, mara filimbi ikiukimbiza kwa pumzi moja, mara orkestra nzima ikiupiga kwa fujo na pembe za shaba zikitetemesha sauti juu kabisa kwa kelele isiyo na haya. Pembe zilipofanya hivyo mara ya kwanza Shangazi alicheka kwa sauti, akajifunika mdomo kwa ncha ya shali. Ziliporudia hakujifunika. Mwisho ukaenda mbio kiasi kwamba nyuta zilionekana kama ukungu, na aliposimama kupiga makofi alikuwa na pochi mkononi, bado akitafuta wa kumtunza.

Nilimwambia lipo jambo moja zaidi la bure. Wanamuziki hawa, ambao wengi wao majira mengine hupiga katika orkestra nyingine za nchi hii, hupitia muziki mpya kila wiki kwa wiki kumi, na mazoezi yao ya mchana hufanyika hapo hapo jukwaani, milango ikiwa wazi kwa yeyote anayepita. Wiki iliyofuata tulikwenda. Waliokuwa wamevaa nadhifu Jumamosi walikuja na kaptura na kandambili, na kiongozi alikuwa anakata wimbo kila baada ya hatua chache, akiwarudisha fidla za pili mahali pale pale, mara watoe sauti ndogo zaidi, mara waanze upinde kutoka ncha. Shangazi alikaa saa nzima juani bila kuomba maji. Alisema hapo ndipo alipowasikia vizuri. Sasa anauliza kama Ijumaa kuna mazoezi mengine, na anataka safari hii tuwahi, tukae karibu na selo.